Leo Mgonjwa Nilikuwa Mimi

Alhamisi. Mvua imeshika Musoma tangu alfajiri na sasa hivi ndiyo inapungua. Nina wepesi fulani ambao sijauonja muda mrefu. Shajara, ungejua, jana kidogo tu nikuandikie kwaheri.

Nilikuwa nimeamua kuacha udaktari.

Sikumwambia mtu. Niliwaza nipande basi nirudi kwetu Bukima, nikamsaidie baba mihogo na nyavu, watu waseme watakavyo. Maana moyo wangu ni mbovu, nilikuwa na hakika. Mwezi huu tunasoma magonjwa ya moyo, na kila dalili iliyomo kitabuni ninayo: moyo unakwenda mbio, pumzi inakata, jasho linanitoka nikikaribia mlango wa wodi ya watoto. Nilijisikiliza kwa kile kipimo cha masikioni tunachoazimana, nikasikia na kelele ambazo labda hazipo.

Sisi wanafunzi wa udaktari tuna wazimu wetu. Tukisoma figo, figo zinatuuma. Tukisoma kifua kikuu, bweni zima linakohoa.

Leo asubuhi nikajikaza, nikaenda kwa Daktari Nyangeta anayetufundisha wodi ya watoto. Mama huyu ni mkali. Akiuliza swali kwenye raundi, tunapopita kitanda kwa kitanda, hata anayejua jibu hulisahau. Nikamwambia naumwa moyo. Hakunipima. Alifunga mlango, akaketi, akasema, "Haya, toa historia ya mgonjwa. Kama raundi."

Nikasimama, mikono nyuma, kama tulivyozoeshwa. Mgonjwa ni mwanaume, mwanafunzi, mkazi wa Bukima, analalamika moyo kwenda mbio. Akauliza, ilianza lini?

Ilianza siku alipofariki mgonjwa wangu mmoja, mtoto wa Kiabakari. Malaria ilimpanda kichwani, na maji ya dripu yalikuwa yamekwisha hospitalini, kama kinavyokwisha kila kitu miaka hii. Siku hizi maduka ya dawa ya watu binafsi yanayo, kwa hiyo nilimtuma baba yake mjini. Alirudi anakimbia, chupa mkononi, mtoto ameshatutoka. Akanipa ile chupa, akasema nimwekee mtoto mwingine. Akanishukuru. Mimi nikaenda kuchemsha sindano kama kawaida.

Nililia mbele ya Daktari Nyangeta. Nililia kwa kwikwi, mtu mzima mimi, na ndevu zangu.

Akaningoja. Kisha akadai mpango wa matibabu, maana kwake raundi haiishi bila mpango. Nikasema mgonjwa alale, ale, Jumamosi aende kwao akamwone mama yake, Jumatatu arudi kazini.

"Umesahau kwamba atakuja kuongea na mimi kila Alhamisi," akasema. "Hata mimi nilikuwaga na moyo kama huo, mwanangu. Wewe huumwi. Umefiwa."

Umefiwa.

Neno hilo hakuna aliyewahi kulitumia juu yetu wanafunzi. Kijijini mtu akifiwa, uani kunajaa watu. Wanakaa naye, wanampikia, hata jembe hashiki. Wodini tunanawa mikono na kwenda kitanda kinachofuata.

Sijapona. Mchana moyo umenidunda tena pale mlangoni, lakini nimeingia. Nimemwekea dripu binti mdogo wa Bunda, akanipiga teke la tumbo. Teke la mtoto mwenye nguvu zake! Nimefurahi mpaka muuguzi akanishangaa.

Jioni hii Wambura, mwenzangu wa chumba, kijana wa Butiama mwenye utani usiokwisha, ameniuliza nilipotelea wapi asubuhi. Nimemwambia yote, nikisubiri anicheke. Hakucheka. Akasema, "Mimi ni tumbo. Linaniumaga kila nikisikia mama wa mtoto analia wodini. Nilijua ni vidonda."

Nimemsogezea kiti, nikamwambia anieleze tangu mwanzo. Kesho tunaingia wodini pamoja.