Herufi Uliyoiacha Kwenye Tovuti ya Kinole

Dada Rehema,

Tangu tukuzike Kinole, kiti chako pale ofisini kwetu Msamvu hakuna anayekikalia. Tovuti ya wakulima wa viungo, ile uliyowajengea mama zako wadogo, sasa naiangalia mimi. Mvua zimeanza mlimani na mdalasini unateremka kwa wingi.

Wiki iliyopita mama zako walitaka kuiacha. Mama Zuhura alilalamika kwamba mnunuzi akitafuta jina lake analiona, akibonyeza tena hayupo, akirudia amerudi. Wakasema bora wauze kwa madalali kama zamani. Niliogopa, dada. Kazi ya mikono yako iliyobaki hai ni hiyo tu.

Nikafungua msimbo ulioandika. Nikakukumbuka ukinifundisha regex, zile kanuni fupi za kutafutia maneno, kikombe cha tangawizi pembeni, ukinieleza zile herufi zinazokaa mwishoni mwa kanuni, tulizoziita bendera. Ukiweka i, utafutaji haujali herufi kubwa wala ndogo. "Mtu akibisha hodi kwa herufi ndogo, mfungulie," ulikuwa ukisema, maana mama zako huandika majina kwenye simu wanavyojisikia.

Kando ya i nikakuta umeweka g. Hiyo g hukumbuka ilipoishia. Ikishalipata jina, utafutaji unaofuata unaanzia hapo hapo ilipoishia, jina likiwa limeshapitwa, na ikikosa ndipo inarudi mwanzo. Ndivyo Mama Zuhura alivyokuwa akipotea na kurudi. Kosa lilikuwa lako, Mluguru we. Nilicheka peke yangu hadi machozi. Msibani walinisubiri mimi, mtani wako Mnyamwezi, nikutanie kama ilivyo desturi, niseme umekufa kukwepa zamu ya kupika chai. Sauti haikutoka. Utani wote umekuja kunitoka mbele ya kompyuta.

Kisha nikashindwa kuifuta. Ni herufi moja tu, lakini uliiandika wewe, na mpya hutaandika tena. Nimekukumbuka sana, dada.

Nimeifuta. Nikampigia Mama Zuhura, nikamwomba ajitafute, arudie, arudie tena. Akabonyeza weee, halafu akasema taratibu, "Nipo, mwanangu. Bado nipo." Akauliza nani katengeneza, nikamtajia jina lako.

Pumzika, mtani wangu. Tovuti yako haitazimika nikiwa hai. Makosa yako nitayarekebisha nikiyakuta, na kwa kila kosa nitakutania, kwa sauti, mpaka wanaopita nje wadhani tuko wawili.

Mdogo wako,
Masanja