Gogo Lililowaka Bila Moshi

Baba,

Kabla hujaendelea kusoma, niapie kwamba haya yatabaki kwako. Mama anasema unamjia usingizini, mnaongea kama zamani. Siwazuii. Lakini hili usimwambie, hata akikubembeleza, hata akilia. Wala usimwambie Bibi huko mliko. Bibi hakuwahi kuficha neno akiwa hai, na sidhani kama kaburi limembadilisha.

Tangu tukuzike, nyumba yetu ya Troyeville, huku ugenini, imekuwa na baridi kuliko nje. Asubuhi maji ya uani yanakuwa barafu. Umeme wa mtaa ulikatika siku vijana wanaowinda wageni walipochoma spaza, kile kiduka cha kona, na haujarudi. Tumebaki na lile jiko lako la kuni, la chuma. Mama, mdogo wangu mchanga Neema na mimi tunalala tumelizunguka. Kazini bado naenda. Napiga mihuri faili za mawakili, na mteja mwenye sauti kubwa akiingia nashika meza.

Unakumbuka ulivyonifundisha kuwasha jiko? "Karani wangu, kuni mbichi ni mchongezi." Ulikuwa unagonga vipande viwili na kusikiliza. "Kavu inaitika. Mbichi inanung'unika." Nilikucheka, nikadhani ni mizaha yako ya kwetu Bukavu. Sasa vijana hao wanapita jioni wakitazama mabomba ya moshi juu ya mapaa. Nyumba inayotoa moshi ina watu, na yenye watu wa kutoka mbali mlango wake unavunjwa. Tulipochoma viti, rangi yake ilitoa moshi mweusi hadi MaDube wa nyumba ya pili akaja mbio: "Eish, mwanangu, mnawaita wenyewe?"

Lile gogo, Baba. Unalijua.

Nilikuwa dirishani ulipoingia langoni nalo begani. Gogo la mti wa miiba, gumu kama mfupa. Vijana wale walikunyang'anya wakakupiga nalo, kwanza mgongoni, kisha kichwani. Uliniita kwa jina langu la nyumbani. Mama alinishika kiunoni, na Mungu anajua sikujivuta kwa nguvu nitoke.

Walipoondoka, Mama aliliokota. Hakutaka tulifute. Mwili wako ungebaki ugenini, alisema, lakini kwetu damu haiachwi njiani. Gogo litapelekwa nyumbani likazikwe kando ya Babu. Akalifunga kwa kitenge chake kizuri, akaliweka juu ya kabati.

Alhamisi iliyopita Mama alikwenda kanisani kutafuta blanketi. Jua lilikuwa linazama, na kuni kavu zilikuwa zimeisha. Yalibaki matawi ya mjakaranda waliyokata barabarani, mabichi, yanatoka maji ukiyaminya. Neema alilia, kisha akanyamaza. Mtoto huyu akilia naogopa, akinyamaza nachanganyikiwa. Midomo yake ilikuwa ya buluu na vidole havikunishika.

Hapo nikawasikia mwanzo wa barabara, wakigonga mageti kwa vyuma. "Phumani! Makwerekwere, phumani!" Tutoke, sisi wageni. Nikiwasha mjakaranda, moshi unatuchongea. Nisipowasha, Neema anakufa mikononi mwangu.

Nikapanda juu ya debe, nikateremsha kitenge, nikakifungua. Damu yako ilikuwa imekuwa nyeusi. Nililigonga gogo kwa chuma cha kuchokorea moto.

Liliitika, Baba.

Nikalilaza juu ya makaa yaliyobaki, nikafunga mlango wa jiko ili mwanga usionekane nje, nikaacha kitundu cha hewa kama ulivyonionyesha. Chuma nilikiacha kimezama kwenye moto. Nikakaa kuelekea mlango, Neema kifuani, ndani ya blauzi yangu ya kazini.

Upande wa pili wa ukuta yule kinyozi wa Burundi alikuwa amewasha mbao mbichi apike. Nilisikia mlango wake ukipasuka. Nikasikia panga likigonga ukuta, kisha likigonga kitu kisicho ukuta. Aliita watu kwa majina, mmoja mmoja, jina langu likiwemo. Kisha hakuita tena.

Wakaja kwetu. Mmoja akashika kitasa, akakitikisa. Nilichomoa chuma, ncha yake nyekundu. Sijawahi kumpiga hata paka, unanijua. Lakini nilikuwa nimeshachagua jicho la kumchoma. Mwingine akasema kwa Kizulu, na Kizulu nimejifunza cha kutosha: "Twende, hapa hakuna mtu. Huoni hata moshi hakuna?"

Wakacheka, wakaenda zao.

Gogo liliwaka polepole, bila kutoa hata moshi wa kukohoza. Neema alianza kunivuta nywele. Nililia nikiwa nimeuma kitambaa. Walikuua kwa gogo hilo, na hilohilo likampa mwanao joto. Sijui nikushukuru au nikuombe msamaha. Nafanya yote mawili.

Mama aliporudi, kitenge kilikuwa kimefungwa juu ya kabati kama kawaida. Ndani kuna tawi la mjakaranda. Kila asubuhi anasimama mbele yake, na juzi alilibusu. Nilitoka uani nikavunja barafu, nikanawa mikono.

Majivu yako niliyachekecha yakiwa bado na moto. Yamo katika kopo la maziwa ya Neema, kwenye droo yangu ofisini, chini ya mihuri. Nakuahidi nitayafikisha Bukavu kwa mikono yangu, nichimbe kando ya Babu, niyamwage kabla Mama hajafukia tawi lake. Damu yako haitabaki njiani.

Pumzika, Baba. Ukitaka kunijibu, usipitie kwa Mama. Usije mlango wa mbele. Hatuufungui tena, hata kwa tunaowajua. Shuka kwenye bomba la moshi. Nalala kushoto kwa jiko, kichwa kuelekea mlangoni, chuma mkononi. Usiniite kwa jina la nyumbani, nitapiga mayowe. Gonga kuni mbili tu. Zikiitika, nitajua ni wewe.