Hata Taya Lililovimba Nimelionea Wivu

Jumapili. Mvua ilianza kabla sijaamka na haina dalili ya kukatika. Mtaani kwetu Gerezani leo kimya, maduka ya spea yamefungwa, na mimi nimejifungia chumbani na chai iliyokwisha kupoa. Mama ameniuliza naumwa nini. Nimemjibu ni uchovu.

Si uchovu. Ni wivu, tena namwonea wivu mtu aliyepigwa.

Mimi na Zuhura tulisomea urefa darasa moja. Namzidi umri, ndiyo maana ananiita dada Mwana, kifupi cha Mwanaisha. Mimi nauza spea dukani kwa mjomba wangu. Baba yake ana duka la vitambaa Kariakoo, familia ya Kiarabu ambayo mtaa mzima unaijua. Darasani nilikuwa nazijua sheria kumshinda, na mbio pia nilimshinda. Lakini kila ratiba ikitoka, yeye ndiye refa wa kati na mimi mshika kibendera. Watu wanasema akipuliza filimbi mtu anatii tu. Nikisikia hivyo natabasamu, halafu nikifika nyumbani chakula hakishuki.

Jumamosi ya wiki iliyopita tulichezesha robo fainali ya kombe la mtaani. Ilikuwa sare mpaka karibu na mwisho, beki akamvuta mshambuliaji jezi ndani ya boksi, Zuhura akaonyesha penalti. Nilikuwa usawa wao na niliona vizuri kabisa. Pamoja na hayo nilitamani awe amekosea.

Penalti ikaingia. Filimbi ya mwisho ilipolia, kocha msaidizi wa timu iliyofungwa akatoka benchi mbio. Nilidhani anakwenda kubishana. Alimpiga Zuhura ngumi ya taya iliyomwangusha chali.

Nilitupa kibendera nikakimbia. Nilipofika, wachezaji walikuwa wameshamdaka yule mtu, na Zuhura anahangaika kuinuka, damu mdomoni, anapapasa mfukoni anatafuta kadi. Nilimshika kiwiko. Akamwonyesha yule kocha kadi nyekundu akiwa bado amepiga goti.

Uwanja mzima ukampigia makofi. Na mimi, niliyekuwa nimemshikilia asianguke tena, nikawaza: hata kwa hili wanampigia makofi yeye.

Kweli, niliwaza hivyo.

Video ikasambaa. Wateja walikuja dukani wakanionyesha simu zao, wakaniambia huyu dada ni jasiri, nimwone. Hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba yule aliyemshika kiwiko ni mimi, niliyesimama kaunta mbele yake namtafutia bolti.

Jumatatu marefa tulikutana. Mwenyekiti wetu ni Mwalimu Hamisi, mwalimu mstaafu ambaye hapandishi sauti hata siku moja. Wengine walitaka tuandike ripoti tuwaachie waandaaji. Wengine walisema tusikanyage tena uwanja ule. Kisha mwenzetu mmoja akasema labda tuangalie kwanza kama ile penalti ilikuwa halali. Wote wakanigeukia, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Ningeweza kusema sikuona vizuri. Maneno hayo tu yangetosha kumpunguza Zuhura, na hakuna ambaye angejua. Niliyasikia kabisa yakija.

"Ilikuwa penalti," nilisema. "Na hata isingekuwa penalti, refa hapigwi."

Mwalimu Hamisi akaitikia kwa kichwa. Akasema basi, hakuna atakayepuliza filimbi kwenye kombe hili mpaka yule mtu afungiwe na uwanja uwekewe ulinzi. Aliyekubali ainue mkono. Mikono yote iliinuka. Wangu ulikuwa wa mwisho.

Jumatano nikapigiwa simu na Bwana Kitwana, mwandaaji wa kombe. Alinisalimia vizuri, akanipa pole, kisha akaniambia nusu fainali anaitaka ichezeshwe na mimi. Refa wa kati. Suala la yule kocha litamalizwa kimyakimya, hakuna haja ya kuwanyima watu burudani kwa ajili ya mtu mmoja.

"Dada Mwanaisha," akasema, "miaka yote hii unapeperusha kibendera. Hutaki na wewe uonekane?"

Alijua pa kunigusa. Nilimwambia nitamjibu. Sikusema hapana. Nikaenda stoo nyuma ya duka, peke yangu, na bila hata kufikiri nikajikuta nimenyoosha mkono kuelekea kwenye boksi la kufikirika, naonyesha penalti.

Ijumaa jioni nilikwenda kumjulia hali Zuhura. Wanaishi ghorofani, juu ya duka lao. Nilimwamkia baba yake, akaitikia marahaba, akaniambia taratibu kwamba angependa binti yake aache kazi hii, ila hasikii. Chumbani kulijaa wageni na matunda. Taya lilikuwa limevimba mpaka uso umepinda, anakunywa uji kwa mrija. Daktari amesema mfupa haukuvunjika. Nilikaa pembeni nikawaza ni nani angekuja kwangu kama ningepigwa mimi. Hata lile taya nililionea wivu.

Alingoja wageni watoke.

"Kitwana amekupigia?" aliniuliza, meno yamebana.

Niliyageukia matunda nikaanza kuyapanga, naye akaelewa.

"Ukiichukua hiyo mechi sitakununia, dada Mwana," akasema. "Ila uniambie mwenyewe. Nisisikie mtaani."

Afadhali angelia. Afadhali angenisihi au angenilaumu, nipate sababu ya kumkasirikia. Hata hapo alinizidi.

Nilirudi kwa miguu, basi la mwendokasi likinipita limejaa. Njia nzima nilijiona katikati ya uwanja na filimbi yangu. Lakini kila nilipojiona pale, nililiona na lile benchi, na watu wake wamekaa wamestarehe, wameshajifunza kwamba ukimpiga refa, Jumamosi inayofuata unaletewa mwingine. Na huyo mwingine ni mimi. Nikipigwa mimi, nani atainua mkono?

Nikasimama kwenye kibaraza cha duka lililofungwa nikampigia Bwana Kitwana. Nilimwambia sitachezesha mpaka yule mtu afungiwe. Akanijibu kwamba nafasi kama hii hairudi. Nikamwambia najua.

Nikampigia na Zuhura, nikamweleza mwenyewe kama alivyoniomba. Akasema asante. Nikamtakia usiku mwema.

Jana tulikwenda uwanjani wote, tumevaa sare za urefa, tukakaa jukwaani. Lilikuwa wazo la Mwalimu Hamisi: watu watuone, wasije wakasema tumekimbia. Tulizomewa. Jamaa mmoja nyuma yangu alitutukana bila kupumzika. Bwana Kitwana akamtafuta mchezaji wa zamani apulize filimbi. Hapo nahodha wa timu moja akagoma kuingiza wenzake. Alisema mechi isiyo na marefa hawachezi, wakivunjana miguu nani atawaamua. Nahodha wa pili naye akaketi kwenye nyasi.

Mwishowe Bwana Kitwana akapanda jukwaani, jasho linamtoka. Akamwambia Mwalimu Hamisi mbele yetu sote kwamba yule kocha amefungiwa, na mechi itachezwa Jumamosi ijayo, askari wakiwepo. Mwalimu akamtaka ayarudie maneno hayo kwenye kipaza sauti. Akayarudia.

Tulikuwa bado tunapeana mikono Zuhura alipotokea getini, mtandio umefunika nusu ya uso. Jukwaa lote likasimama, pamoja na yule jamaa wa matusi. Makofi yakaanza.

Na mimi nilisimama. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Wivu ulikuwa palepale.

Nilidhani nikitenda lililo sawa, moyo nao utatulia. Haukutulia. Kumbe mtu anaweza kusimama na mwenzake huku roho inamuuma.

Asubuhi hii ratiba ya nusu fainali imetoka. Refa wa kati ni Zuhura, kama daktari atamruhusu, na mwenyewe anasema atamruhusu tu. Mimi nina kibendera. Nimeiangalia simu mpaka kioo kikazima chenyewe.

Nitakwenda. Sitainua kibendera kwa upendeleo wala kwa kinyongo, na yeyote atakayetoka benchi kumfuata, atanikuta mimi kwanza. Hilo nina uhakika nalo.

Nisilo na uhakika nalo ni hili: Zuhura akiwa katikati ya uwanja, anapuliza filimbi na watu wanatii, nitaweza kumwangalia dakika zote tisini bila kumwombea akosee hata mara moja?