Nimeliosha Gari la Baba Yako

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumanne mchana.

Mpendwa mwanangu, kifungua mimba wangu,

Salamu nyingi, nyingi sana. U hali gani huko? Kile kifua kimepoa? Unakula au unakunywa chai tu na kwenda kazini? Mimi mama yako mzima wa mwili. Bibi yako mzima, macho ndiyo yamezidi kufifia, ila masikio mwanangu, hata sindano ikianguka anakwambia imeangukia wapi. Dada yako mzima, mimba imetimia miezi saba na miguu imemvimba kidogo. Shemeji yako mzima, bado anakoroma mpaka mabati yanaitika. Kuku nao wazima. Baba yako nimemweka mwisho makusudi, maana yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu, na unajua mimi na kalamu.

Usishtuke, hajalazwa. Lakini mzima siwezi kusema.

Unajua tangu alipostaafu pale kiwandani alivyokuwa. Kiti, ukuta, yeye. Miaka miwili anautazama ukuta kama anausoma. Halafu mwaka huu akalikumbuka lile gari letu kuukuu lililolala uani, lile ambalo nusura nikuzalie kiti cha nyuma. Akasema atalifufua mwenyewe. Tulimcheka. Bibi yako ndiye aliyezidi, kila asubuhi anauliza, "Mgonjwa kaamkaje?" Na baba yako anajibu, "Mgonjwa kanywa uji, mama."

Mwanangu, alibadilika. Alikata sakafu yote iliyooza, akaleta fundi wa kuchomelea akaziba kwa bati jipya. Madigadi alizinyoosha mwenyewe kwa nyundo. Halafu akaanza kusugua kwa msasa, wiki tano, milango, boneti, mgongo wote, mpaka rangi ya zamani ikaisha na kutu ikaisha, likabaki bati tupu, jeupe kama sahani. Vidole vyake vililika na msasa mpaka havina alama tena. Lakini alikuwa anapiga mluzi! Mara ya mwisho kumsikia anapiga mluzi wewe ulikuwa hujaota meno.

Jumamosi akaenda mjini kununua rangi ile ya kijivu ya kwanza, ya kuzuia kutu. Fundi rangi alikuwa aje Jumapili. Mimi nikatoka uani nikalitazama. Vumbi tupu, na kuku wamepita juu ya boneti wameacha nyayo. Nikasema, hivi mtu anapaka rangi juu ya uchafu? Hata ukuta huoshwa kwanza. Mwanaume wa watu kachoka, ngoja nimsaidie.

Nikaliosha. Ndoo sita. Sabuni ya unga, na limau, na chumvi, vile ninavyong'arisha sufuria zangu. Lilimeta, mwanangu! Nilijiona kwenye mlango. Nikaona vumbi lisirudi, nikalifunika na lile turubai nikalifunga kamba, likiwa bado linachuruzika maji. Nikanyamaza nimshtukize kwa furaha.

Jumapili alifunua turubai mbele ya fundi rangi. Gari zima lilikuwa jekundu. Si madoa, zima, kama limepakwa udongo. Fundi akarudi nyuma, akasema, "Mzee, hili si bati, hili ni biskuti. Kutu imetoka ndani." Baba yako akapitisha kiganja, kikawa chekundu. Akaniuliza, "Mama watoto, usiku mvua ilinyesha?" Nikasema labda umande.

Umande! Ndicho kilichonitoka mdomoni. Nilitaka kulirudisha neno, lakini yeye akasema, "Afadhali ni la Mungu. Ingekuwa ni mkono wa mtu, wallahi nisingemsamehe." Nikachukua ufagio nikaanza kufagia ua.

Sasa anaamini bati limeoza mpaka moyoni na wiki tano zote alikuwa anasugua maiti. Vyombo amevifunga kwenye gunia. Jana alimwita mnunuzi wa vyuma chakavu, anakuja Ijumaa asubuhi kulikatakata. Na kiti kimerudi ukutani. Chakula anakizungusha tu sahanini. Dada yako amembembeleza, hola. Shemeji yako alitania eti angalau tutapata nafasi ya kuanika nguo, baba yako akamtazama mpaka shemeji akaenda kulala saa moja.

Mara tatu nimemwendea nimwambie. Mara ya kwanza nikamuuliza kama anataka maji. Mara ya pili nikamuuliza kama anataka maji. Mara ya tatu akaniambia, "Mke wangu, sina kiu."

Na bibi yako ndiye anayenimaliza. Jana mezani akasema, "Jumamosi mkamwana alimwaga maji mengi uani. Nikadhani anafua, nikapapasa kamba, haina hata nguo moja." Nikainuka kuleta maji. Baba yako hakuinua kichwa. Sijui hakusikia, sijui alisikia.

Lakini sikiliza neno hili, mwanangu. Leo alfajiri niliiba kipande cha msasa guniani, nikainama chini ya mlango wa nyuma mahali pasipoonekana, nikasugua kama mara kumi. Ile kutu ikatoka yote! Chini bati jeupe lile lile, gumu, zima. Kutu iko juu juu tu, kama vumbi. Gari halijafa. Ninalijua hilo mimi peke yangu nyumba nzima, na siwezi kulisema.

Wewe unafanya kazi ya bodi za magari huko, maneno yako atayasikia. Mpigie umwambie asugue kona moja tu kabla ya Ijumaa. Mimi kupiga siwezi, simu yangu hii hata ukinong'ona mtaa mzima unasikia. Ndiyo maana nampa barua hii jirani yetu fundi cherehani, anapanda basi leo jioni kuja huko kwa mwanawe, ukihesabu kulala njiani Alhamisi asubuhi itakuwa mkononi mwako.

Bibi yako anakusalimu, anasema uoe. Dada yako na shemeji yako wanakusalimu. Baba yako angekusalimu kama angejua naandika. Mungu akulinde uendako na urudipo, na mikono yako isipungukiwe kazi.

Ni mimi mama yako nikupendaye, hata nikikosea.

Nimeshaifunga bahasha nikaifungua tena. Akikuuliza umejuaje habari za kutu, sina jibu la kukupa, nimetafuta sikuona. Sema utakalosema. Ukiona lazima unitaje, nitaje. Ila piga Alhamisi hiyo hiyo, mwanangu, usingoje jioni.