Maiti Aliyeitika Naam

Dada yangu Kadzo, daktari mtarajiwa,

Pokea salamu za Magogoni kutoka kwa nduguyo mzuri kuliko wote. Najua huna mwingine, lakini hata ungekuwa nao kumi, bado ningekuwa mimi.

Unakumbuka lile zoezi la maafa la chuo chenu cha hapa, pale uwanjani, kabla hujaenda kusoma ng'ambo? Mlijifanya basi limepinduka, mkakosa majeruhi wa bandia, ukaniita mimi niliyeiacha shule kidato cha pili nije kuisaidia elimu. Nilitaka utepe mwekundu, wa mahututi, nibebwe kwa machela wasichana wa Junda wanione. Ukanifunga mweusi.

"Wewe umekufa, Kazungu. Tulia."

Nikafa vizuri, haki ya Mungu. Hata siafu waliponipanda mguuni sikutikisika. Halafu mama akapita nje ya ua na kikapu chake.

"Kazungu wee!"

Nikaketi wima. "Naam, mama!"

Uwanja mzima ukavunjika mbavu. Mwalimu wako akakuuliza kama kweli ulinipima pumzi, nawe bila aibu ukamjibu, "Mwalimu, kwetu ukiitwa na mama unaitika, hata ukiwa maiti."

Njiani nilidhani utanigombeza. Wewe ukanifunza: "Anayepiga kelele anapumua. Mkimbilie aliyenyamaza."

Sasa sikia ushujaa wangu. Wiki iliyopita pikipiki mbili ziligongana Bombolulu. Watu wote wakamzunguka dereva aliyekuwa akiulilia mguu wake. Mimi nikamkimbilia abiria aliyelala kimya mtaroni, paja linavuja damu. Nikavua shati langu jipya, lile la maua, nikakandamiza kwa uzito wangu wote hadi gari la wagonjwa likafika. Mhudumu akaniuliza, "Kijana, nani kakufundisha?" Nikasema, "Dada yangu." Nilitaka kuongeza sifa zangu kidogo, nikajikuta ninataja zako. Mimi huyu, dada, nikasahau kujisifu!

Mama kaniambia umepewa nafasi ya kubaki huko ng'ambo ukimaliza masomo. Mimi hukuniambia. Simu zako zilianza kuwa fupi, sasa hazipo kabisa. Naye mama, akiwa jikoni, husahau akakuita, "Kadzo!" Kisha husimama na mwiko mkononi, anangoja. Juzi nikaitika mimi, kwa sauti nyembamba: "Abee!" Alicheka sana, halafu akajifuta macho kwa leso, akasingizia moshi. Siku hiyo tulipikia gesi.

Usibabaike juu yangu. Mimi ninapiga kelele, kwa hiyo ninapumua. Wewe ndiye uliyenyamaza, na mbio zangu zote za Magogoni hazifiki huko. Kilichobaki ni kukuita tu.

Kadzo wee!

Usiitike kwa simu. Itika ukiwa mlangoni, mama asikie.

Ni mimi nduguyo mdogo,
maiti wako wa utepe mweusi