Madaftari Yako Waliyachukua Siku ya Arobaini

Sabra, leo tarehe 14 Machi 1998 unatimia mwaka tangu ile homa ya siku nne ikutenge nasi, tukakuzika hapa kwetu Mbwera. Watu wanatuambia sasa tupoe. Hatujapoa, mdogo wangu, na mimi dada yako Mwanajuma, ninayeandika kwa niaba ya ukoo, ndio kabisa.

Tunakukumbuka ukiwa mwanafunzi wa udaktari, umekuja likizo, umekaa mkekani unafunga na kufungua mafundo ya kushonea kwenye kamba ya chandarua. Mama akikutania, "Wee, hicho chandarua au tumbo la mtu?" Ulikuwa ukicheka mpaka machozi. Na ukoko wa wali wa nazi uliugombania na watoto bila haya.

Ukawa daktari wa upasuaji, tena mwalimu wa madaktari, mwanamke peke yako katika idara nzima. Serikali iliporuhusu madaktari kufungua zahanati binafsi, wenzako wanaume ikifika saa saba mchana washaondoka kwenda kwenye zahanati zao mjini. Wodi ukaachiwa wewe, wanafunzi wewe. Ulipoomba kupandishwa cheo wakakuambia ungoje umalize kunyonyesha. Hivi wao nani aliwauliza kama wake zao wananyonyesha? Ukamaliza, wakasema hujaandika utafiti wowote.

Ukaandika. Miaka minne, kila likizo ulipanda boti kwenda Salale na kote huku Delta, mto unapoingia baharini, ukiwatafuta watu waliong'atwa na mamba. Uliwauliza kidonda kilioshwa na nini, kilifungwa saa ngapi, na nani. Uliowashona mwenyewe uliwafuata hadi majumbani kuona kama mguu unakanyaga. Bwana Shaabani wa Salale analima mpunga mpaka leo kwa mguu ambao wengine walitaka kuukata. Madaftari kumi na moja, yote mwandiko wako. Ulibakiza sura ya mwisho tu.

Siku ya arobaini yako mkuu wa idara alikuja. Alikula wali wetu, akaitikia dua, akamwambia Mama, "Nipe kazi yake, Mama, nimtolee kitabu kwa jina lake." Mama akayatoa madaftari yote, akayafunga kwenye kanga yako. Mgeni wa msiba, mkubwa wako wa kazi, angemkatalia vipi?

Mwezi wa kumi na mbili mwanafunzi wako Elina alituletea kitabu, huku analia. Mwandishi ni mkuu wa idara, peke yake. Wewe uko ukurasa wa mwisho kwenye shukrani, baada ya dereva na mpiga chapa: "Bi Sabra, kwa msaada wake." Hata Daktari hawakuandika! Na kwa kitabu hicho hicho amepewa uprofesa. Tangu siku hiyo Mama hali vizuri, anasema amekutoa kwa mikono yake mwenyewe. Mama hana kosa. Mwizi ni yule aliyekula wali wetu.

Tulikwenda ofisini kwake, mimi na mumeo Mudrick. Hata viti hatukupewa. Alisema, "Kama ni kazi yake, mleteni mwenyewe aje adai." Mudrick alitoka nje akalia, mtu mzima yule.

Haya, Mkuu, tumemleta. Ndiye huyo pichani, juu ya tangazo hili gazetini, kavaa koti lake jeupe. Anaitwa Daktari Sabra binti Bwanaheri, bingwa wa upasuaji, na utafiti wa majeraha ya mamba ni wake, neno kwa neno. Amekuja kudai.

Sabra, wanaokulilia ni mama yetu, mumeo Mudrick, wanao Zaidi na Saumu, mimi dada yako, wanafunzi wako, na watu wa Mbwera na Salale wanaotembea kwa miguu uliyowashonea. Mungu akulaze pema. Hutatutoka moyoni, na jina lako tutalitaja kila mwaka mpaka waliandike.