Gunzi la Babu kwenye Injini

Buseresere, 10 Juni 2025

Mpendwa Mama Nassibu,

Shikamoo. Naomba msaada, na naahidi kukueleza yote, hata lile la kuku. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, naishi na wazazi wangu na babu yangu, Mzee Maige, mwenye pikapu kuukuu iliyobeba pamba tangu Baba akiwa mdogo, na ameniahidi kwamba nikimaliza kidato cha nne nitajifunzia humo udereva, kwa hiyo ninaipenda kupita kiasi. Sasa, juu ya injini kuna mpira kama bomba, uliokuwa ukitoa moshi na kudondosha oili, na moshi ukawa unaingia ndani hadi gauni la Mama la kanisani likanuka, basi Babu akachukua gunzi la mahindi akauziba barabara, kama tunavyoziba kibuyu cha maziwa, akawaita wazee wenzake waone, akasema, "Kinachovuja huzibwa. Fundi wa nini?" Tangu hapo oili inatoka kila mahali, na jana Babu alipokanyaga pedali ya mafuta, kijiti cha kupimia oili kiliruka kikagonga boneti, kuku wakakimbilia kwa jirani, nami nikacheka hadi nikakaa chini, lakini Baba hakucheka, akasema injini imekufa na Jumamosi Cornel wa vyuma chakavu atakuja kuichukua. Mama Nassibu, haijafa. Mwalimu Eunice alitufundisha kwamba hewa ikibanwa hutafuta pa kutokea, nami naamini ni gunzi tu, ila nikilichomoa kimya kimya nitamwaibisha Babu mbele ya wenzake. Tafadhali usisome majina wala mahali redioni, maana Babu hakosi kipindi chako. Je, nimwambieje kabla ya Jumamosi?

Mjukuu mwenye matumaini

*

Mjukuu, marahaba.

Pole kwa kuku. Uko sahihi. Katika injini iliyochoka, moshi hupenya pembeni mwa pistoni ukashuka kwenye oili, na ule mpira ndio pua yake. Ukiziba pua, injini itapumulia kwenye kijiti na kwenye sili, zile pete za mpira zinazozuia oili isivuje.

Lakini nakugombeza. Unaniandikia mimi, na babu yako yuko hapo uani? Baba yako hawezi kumkosoa baba yake. Wewe unaweza, utani wa babu na mjukuu una kazi gani nyingine? Kesho mpelekee kibuyu cha maziwa, mwambie, "Mume wangu, leo tukisuke bila kukifungua kutoa hewa." Atakukatalia kabla hujamaliza, maana aliyekulia kwenye ng'ombe anajua kizibo kitaruka na maziwa yatamwogesha. Hapo nyamaza. Tazama gari, mwache naye atazame. Gunzi alitoe kwa mkono wake.

Kisha aitwe fundi auoshe mpira, auongezee mwingine ushushe moshi chini ya gari, akague sili, ajaze oili. Moshi ukizidi, ringi za pistoni zimekwisha, na hiyo bado ni kazi ya fundi, si ya mtu wa vyuma chakavu.

Na babu yeyote anayenisikiliza sasa hivi, shikamoo. Mjukuu akikuletea kibuyu kesho, usimwulize nani kamtuma.